Kwa nini miayo huambukiza hata asiye na usingizi?

Abiria wa Mbagala:
Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Leo asubuhi, daladala yetu ya kwenda Kariakoo ikiwa imekwama kwenye foleni ya Mtoni kwa Aziz Ali, konda alitoa kichwa nje ya mlango akapiga mwayo mrefu hadi machozi yakamlengalenga. Hata dakika haikupita, mama aliyempakata mtoto akaziba kinywa kwa upindo wa kanga, akafuata mzee wa kiti cha mbele, kisha mimi niliyelala fofofo usiku kucha. Mtoto peke yake alitukodolea macho tu. Shuleni tuliambiwa kwamba miayo huletwa na upungufu wa oksijeni, na kwa jinsi tulivyobanana ningekubali. Lakini konda, ambaye pua yake ilikuwa nje, alipungukiwa na nini?

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Somo hilo la oksijeni nami nililifundisha miaka mingi, na ninakiri kwamba halikusimama lilipopimwa. Mwaka 1987 Robert Provine na wenzake, huko Marekani, waliwavutisha wanafunzi oksijeni tupu, na kwa zamu nyingine hewa iliyozidishiwa hewa ya ukaa; wanafunzi walihema haraka zaidi kwa sababu ya hiyo ya ukaa, lakini miayo haikuongezeka, wala oksijeni haikuipunguza. Isitoshe, mtoto hupiga miayo akiwa bado tumboni mwa mama yake, mahali ambapo havuti hewa hata kidogo.

Mkazi wa Sinza:
Naongezea hoja ya Andrew Gallup, mtafiti wa Marekani, anayeona kwamba mwayo hupoza ubongo: taya hutanuka, damu ya kichwani husukumwa, na hewa ya nje, ikiwa baridi kuliko mwili, hupunguza joto. Mwaka 2007 alionyesha kwamba waliojiwekea kitu cha baridi kwenye paji la uso hawakuambukizwa miayo kwa urahisi kama waliojiwekea cha moto. Wapo wataalamu wasioikubali hoja hiyo, nami naiona haijitoshelezi, kwa kuwa haielezi vizuri kwa nini mwayo wa konda uwe wa basi zima.

Mwalimu Mstaafu:
Hapo ndipo yule mtoto anapotufaa. Watoto wachanga hupiga miayo yao wenyewe, lakini kuambukizwa ya wengine kwa kawaida huanza wakifikia miaka minne au mitano, umri ambao mtoto huwa ameanza kuelewa yaliyomo moyoni mwa mwenzake. Ndiyo maana baadhi ya watafiti huhusisha miayo hiyo na huruma, ingawa ushahidi wao bado unavutana. Hata mbwa wameonekana kuambukizwa miayo na binadamu.

Abiria wa Mbagala:
Ahsante, mwalimu. Nimemsomea bibi yote haya, naye amesikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama konda alikuwa amekwisha kunywa chai.