Harufu haiondoki chumbani baada ya msiba: je, rangi mpya itatosha?

Mpwa wa Igogo

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi. Mjomba wetu, aliyekuwa akiishi peke yake katika chumba cha kupanga huku Igogo, Mwanza, alifariki usingizini, na kwa kuwa majirani walidhani amesafiri kwenda kijijini, mwili wake ulikutwa baada ya siku kadhaa. Mwenyekiti wa mtaa aliita polisi, uchunguzi ukafanyika hospitalini, nasi tukamzika kwa heshima zote. Sasa chumba ndicho kinachotuumiza kichwa. Tumeosha sakafu kwa maji mengi na klorini, tumefukiza udi na ubani, lakini kila jua linapochoma bati harufu hurudi vilevile. Mwenye nyumba, ambaye ametuvumilia sana, anashauri tupake rangi. Je, itatosha, au tutafute watu wanaofanya kazi hii? Na godoro tulipeleke wapi?

Fundi Usafi, Ilemela

Poleni sana kwa msiba, ndugu yangu. Nawaomba msipake rangi kwanza. Mwili ukianza kuoza, bakteria huvunja protini na kutoa gesi zenye salfa pamoja na kemikali ziitwazo putresini na kadaverini, lakini kinachowasumbua leo kimejificha ndani ya vitu vilivyonyonya majimaji: godoro, mbao za kitanda, lipu ya chini ya ukuta, na hasa sakafu ya saruji isiyo na vigae, ambayo ina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Joto la mchana huyavukiza upya, ndiyo maana adhuhuri hali huwa mbaya kuliko alfajiri. Maji mengi nayo huweza kuyasukuma chini zaidi, kwa hiyo kuanzia sasa tumieni maji kidogo na mkaushe kila mara.

Kazi yenyewe huanza kwa kuondoa, wala si kwa kunyunyiza dawa. Kila kilicholowa kitoke. Baada ya hapo sakafu husuguliwa kwa sabuni na kusuuzwa vizuri, ndipo huwekwa dawa yenye vimeng'enya (enzaimu, yaani protini zinazovunjavunja uchafu), ambayo inahitaji saa kadhaa ikiwa mbichi ili ivunje mabaki. Klorini isikutane nayo, maana huviharibu vimeng'enya hivyo. Klorini huja mwishoni, mahali palipokwisha kuwa safi, kwa sababu uchafu hupunguza nguvu yake. Saruji ikishakauka kabisa ndipo mtapaka praima ya kuziba, yaani rangi ya kwanza inayofunga vitundu, kisha rangi mnayoipenda. Panapobaki harufu baada ya yote hayo, safu ya juu ya sakafu hubanduliwa na kusakafiwa upya. Ni gharama, lakini ni nafuu kuliko kupaka rangi kila baada ya miezi michache.

Bwana Afya Mstaafu

Marahaba, mwanangu, na poleni. Mwili wa mtu aliyekufa kifo cha kawaida kwa ujumla hauleti mlipuko wa magonjwa, kwa hiyo msiishi kwa hofu. Hata hivyo vaeni glavu nene, mabuti na miwani, kwa sababu damu na majimaji ya mwili yana hatari yake. Ikiwa klorini yenu ni ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji hutoa asilimia 0.5 inayofaa kwa kazi hiyo. Iacheni angalau dakika 10, na mchanganye mpya kila siku. Msiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo wala dawa yenye amonia, kwani gesi inayotoka huumiza mapafu vibaya.

Godoro lisitupwe katika Mto Mirongo, ambao unaingia ziwani, wala lisichomwe uani, kwa kuwa moshi wa sponji una sumu. Lifungeni vizuri kwa nailoni, mmwone afisa afya wa kata awaelekeze.

Naongeza hili kwa wote wanaosoma, kwani sisi wa Kanda ya Ziwa tumeuona ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025: mtu akifa ghafla baada ya homa kali, kutapika au kutokwa damu, msiguse mwili wala chumba. Pigeni 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Mpwa wa Igogo

Asanteni mno. Kuna kijana ametuambia kwamba ana mashine ya kutoa ozoni, gesi ya kuondoa harufu, na kwamba ikiwashwa usiku mmoja hakuna haja ya kubomoa chochote. Tumwamini?

Fundi Usafi, Ilemela

Mashine hiyo naitumia, na inasaidia, lakini baada ya kuondoa chanzo tu. Ozoni hupambana na harufu iliyo hewani na juu ya vitu. Haiingii ndani ya zege. Isitoshe, huwasha mapafu, hivyo ikiwashwa asiwepo mtu, kuku wala paka ndani, na kwa kuwa hicho ni chumba cha kupanga, wapangaji wanaoshirikiana nanyi silingi bodi moja nao watoke mpaka nyumba ipitishwe hewa ya kutosha.

Kabla ya kumlipa, bandikeni kipande cha nailoni juu ya sakafu kavu, mkizibe kingo zake kwa utepe wa gundi, mkiache hadi kesho yake mchana, kisha mkifunue na kunusa. Fanyeni hivyo pale kitanda kilipokuwa na katika kona ya mbali. Pale penye harufu chini ya nailoni ndipo fundi aanze kubandua.