Naomba ushauri: natengeneza modeli ya Albatros B.II, nimekwama kwenye mabawa

Habari zenu wakuu, mimi napenda sana ndege za zamani na sasa hivi natengeneza modeli ya Albatros B.II, ile ndege ya Wajerumani ya mwaka 1914 yenye mabawa mawili juu na chini, walikua wanaitumia kupeleleza adui kabla hata ndege za kupigana hazijashika kasi. Haikua na bunduki kabisa, watu wawili tu, rubani anakaa nyuma na mpelelezi anakaa mbele yake, yani anakaa katikati ya mabawa wakati yeye ndo anatakiwa aone chini, hapo bado nawashangaa walivyopanga.

Ndege yenyewe mabawa yalikua mita 12.8 mimi natumia skeli ya 1 kwa 10 kwahiyo napata kama mita 1.28. Bodi nimemaliza kwa plaiwudi nyembamba kwasababu hata ile halisi bodi yake ilikua plaiwudi, injini ya Mercedes silinda 6 nimechonga mbao, imetokea vizuri kwakweli.

Shida ni mabawa. Yale halisi yalivishwa kitambaa, nimejaribu kitambaa cha pamba na gundi ya mbao ila kikikauka kinavuta mpaka bawa linapinda, nimeshaharibu mawili na roho inaniuma. Nibadili kitambaa au nianze na vanishi kwanza? Na zile waya za kukaza mabawa nifunge kabla au baada ya kuvisha? Aliyewahi kufanya naomba anielekeze, hata hatua moja moja.