Mchezaji wa raga aliyegongwa kichwa anatolewa, haulizwi vidole vingapi

Wapenzi wa raga, safari hii sitanyamaza ili kulinda jina la klabu. Katika mechi yetu ya ridhaa wikendi iliyopita, fowadi wetu mmoja alipigwa goti la kichwa alipokuwa akimwangusha mpinzani, akainuka akiyumba na kwenda kujipanga upande wa timu nyingine. Mtu wa huduma ya kwanza alimmwagia maji, akamwonyesha vidole vitatu, akajibiwa "vitatu", na kijana akaachwa aendelee kucheza. Nilipolalamika, kocha alinijibu kwamba hata kwenye televisheni wachezaji hutolewa, hupimwa, kisha hurudi.

Jibu hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Upimaji ule, ambao World Rugby, shirikisho la raga duniani, huuruhusu katika raga ya watu wazima ya kiwango cha juu tu, hufanywa na daktari aliyefunzwa, nje ya uwanja, akiwa na marudio ya video na matokeo ya vipimo ambavyo mchezaji alifanyiwa akiwa mzima kabla ya msimu. Sisi hata machela tunaazima. Agizo la raga ya ridhaa na ya shule ni jingine kabisa: ukishuku tu kwamba ubongo umetikisika, mtoe, na siku hiyo harudi, hata akiapa kwamba yu salama.

Maswali ya kando ya uwanja yapo, kama vile tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani amefunga mwisho. Anayekosea anatoka, lakini anayejibu yote sawasawa hajathibitika kuwa mzima, kwa sababu dalili nyingine hujitokeza baada ya saa kadhaa, hata siku moja au mbili. Kusubiri mtu azirai nako ni upuuzi mtupu, kwani wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu. Kule kuyumba peke yake kulitosha.

Mwaka 2011, huko Ireland Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aligongwa katika mechi ya raga ya shule, akaachwa aendelee, akagongwa tena, akafariki. Je, sisi tunasubiri wetu?

Sheria za mchezo zinampa mwamuzi uwezo wa kumtoa aliyeumia bila kumwomba kocha ruhusa, na waamuzi wa New Zealand huonyesha kadi ya buluu kwa kazi hiyohiyo. Wetu alitazama saa yake tu. Ninachodai ni kwamba kila timu, kabla ya mechi kuanza, imtaje mtu mmoja asiye kocha wala nahodha, ambaye neno lake la kumtoa mchezaji halipingwi.

Tena, mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ridhaa unataka zipite angalau siku 21 kabla ya kurudi mashindanoni. Fowadi wetu alikuwa mazoezini Jumanne, akilalamika kwamba taa zinamuumiza macho, na bado aliingizwa kwenye skramu, pale mafowadi wanapofungana na kusukumana. Uongozi utueleze hapa hapa, kabla ya mechi ijayo: ni daktari gani aliyemruhusu?