Ajira ya serikali Mwanza au uuguzi Ujerumani? Walioishi kote kuwili naomba ushauri

NesiWaZiwa:
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa mlio Ujerumani au mliowahi kuishi huko.

Mimi ni muuguzi, nina diploma na leseni, nimeajiriwa serikalini katika hospitali moja ya wilaya huku Mwanza. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, tuna mtoto wa miaka minne. Mshahara ukishakatwa bima, mfuko wa pensheni na mkopo wa benki, kinachobaki ni cha kula na nauli. Hatulali njaa. Kiwanja tunacho na msingi tumeshapandisha, ila tofali linaongezwa kwa kudra za Mungu.

Sasa kuna wakala amenifuata, anasema ana nafasi za Ausbildung, yale mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu huku unalipwa. Anataka milioni nne za "kushughulikia faili". Kijerumani nimefika B1, ngazi ya kati, kwa kujinyima.

Hesabu ya hela naweza kuipiga mwenyewe. Ninachotaka kujua ni maisha: wodini kukoje, majirani wakoje, mtoto analelewaje, na ukiugua au ukifiwa nani anakushika mkono. Mama mkwe anasema Wazungu hawana undugu. Mume anasema nenda ukatafute. Mimi niko njia panda. Karibuni.

Kipanga Mweusi:
Dada unauliza nini tena? Mtu anatamani hata Nairobi hapati, wewe unaitwa Ulaya unafungua uzi. Nenda.

MeruLeipzig:
Kipanga, tulia kwanza. Dada NesiWaZiwa, hongera kwa B1, hiyo lugha si mchezo. Mimi ni muuguzi kama wewe, nilisomea Tanzania, sasa nafanya kazi Leipzig.

Huyo wakala usimpe hata mia. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ile ya 2023 yenye nchi 55, na kanuni za Ujerumani haziruhusu mawakala binafsi kwenda kuvuna wauguzi katika nchi hizo. Kazi hiyo wameachiwa shirika la ajira la serikali yao. Wewe kutuma maombi kwa hiari yako moja kwa moja hospitalini ni ruksa kabisa.

Halafu, kwa nini urudie shule? Ausbildung ni ya kijana aliyetoka shuleni. Mwenye diploma na leseni njia yake ni Anerkennung, yaani kutambuliwa kwa cheti. Mamlaka ya jimbo utakalofanyia kazi inalinganisha ulichosoma na wanachosoma wao, inakuandikia mapungufu yako, nawe unayaziba kwa mtihani au kwa mafunzo ya miezi kadhaa huku ukifanya kazi kama msaidizi wa muuguzi. Kwa kawaida watataka B2, ngazi ya lugha inayofuata hiyo yako. Mwajiri anayekuhitaji kweli anaweza kuomba utaratibu wa haraka kwenye ofisi ya wageni, ada yake euro 411, na mwombaji ni yeye. Ukiona pesa inatakiwa itoke kwako kwanza, jiulize.

Sasa wodini, maana hapo ndipo wengi wetu tunavunjika moyo mapema. Kwetu ndugu ndiye anayeleta uji, anamwogesha mgonjwa, analala chini ya kitanda. Nesi anachoma sindano, anaweka dripu, anazalisha usiku daktari akiwa hayupo. Huku ndugu anakuja na maua, anakaa kidogo, anaondoka. Kuogesha, kulisha, kumbadilisha nepi mzee wa kilo mia, hiyo ni kazi yako wewe mwenye diploma. Dripu na kutoa damu, kwa upande mwingine, mara nyingi ni za daktari au za mtu aliyekabidhiwa rasmi. Utajiona umeshushwa cheo. Wenyeji hawaioni hivyo kabisa: kwao kumwogesha mgonjwa ni kumkagua. Unaona ngozi, unaona kidonda kinachotaka kuanza mgongoni, unaona leo mkono wa kushoto hauinuki kama jana. Nesi mzuri kwao ni yule asiyeona kinyaa wala haraka.

Na wazee ni wengi. Wengine wana watoto watatu na hawaji. Hilo mama mkwe wako amelisikia sawasawa, ila sababu si kwamba hawana undugu. Nitarudi.

RudiMoshi:
Mimi niliishi huko kusini, Bayern, nikarudi nyumbani kwa hiari yangu. Dada amesema hesabu anaweza kuipiga, ila hiyo hesabu ina vyumba vya siri, ngoja nimfungulie viwili vitatu.

Mshahara wanaokutajia ni kabla ya makato. Mtu asiye na mwenza pale hukatwa karibu theluthi: kodi, pensheni, bima ya afya, bima ya kukosa kazi, bima ya kutunzwa uzeeni. Na wewe, hata kama una ndoa ya kanisani na cheti chake, mume akiwa Mwanza utahesabiwa daraja la kwanza la kodi, kama asiyeolewa. Posho ya mtoto wanayolipa kila mwezi, zaidi ya euro 250, hulipwi kwa mtoto anayeishi Tanzania.

Chumba. Kwetu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, ukishalipa mmemalizana. Kule unalipa kila mwezi, lakini dhamana inafika hadi miezi mitatu ya kodi, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Usishangae ukikabidhiwa nyumba haina jiko, sinki wala kabati, mpangaji aliyepita kahama navyo. Kila nyumba inalipa ada ya redio na televisheni euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni usiwe nayo.

Na hii ya kanisa ndiyo ilinichekesha. Siku ya kujiandikisha manispaa wanakuuliza dini. Ukisema Mlutheri au Mkatoliki, unakatwa kodi ya kanisa moja kwa moja kwenye mshahara, asilimia 8 ya kodi yako ya mapato kule Bayern na Baden-Württemberg, asilimia 9 kwingine. Hakuna bahasha, hakuna mnada wa kuku baada ya ibada, hakuna mzee wa kanisa kukufuata nyumbani. Jumapili unakuta kanisa kubwa kama nini, ndani wazee kumi na wawili na mpiga kinanda.

Bibi Tausi:
Mwanangu, nimesoma yote. Nina binti yangu yuko Hamburg na nimeshakwenda kumsaidia uzazi, kwa hiyo nina langu la kusema.

Nyie mnasema hawana undugu. Binti yangu alivyojifungua, mkunga alikuwa anakuja nyumbani kumwangalia yeye na mtoto, analipwa na bima. Likizo ya uzazi wiki kumi na nne, na baada ya hapo mzazi ana haki ya kukaa na mtoto hata miaka mitatu na kazi yake inamsubiri. Hapa kwetu sheria ya kazi inatoa siku 84, ukibeba mapacha 100, na baada ya hapo nani anabaki na mtoto? Mimi. Au msichana wa kazi.

Kwa hiyo nilichokiona: mzigo tunaobeba sisi ndugu, kule umebebwa na makato. Mgonjwa ana bima, mzee ana pensheni, aliyefukuzwa kazi analipwa. Ndiyo maana mtoto haoni haja ya kuja kila siku. Kwetu tunachangia harusi, msiba, ada, matibabu, na jina la asiyechanga linasomwa. Kule wanachangia pia, tena zaidi, ila hawajui wanamchangia nani, wala anayechangiwa hamjui wa kumshukuru. Pesa inafika. Mtu ndiye hafiki.

Kilichonishinda mimi ni Desemba. Jua linatoka saa mbili imeshapita, kufika saa kumi jioni linazama. Halafu ule ukimya! Jumapili maduka yamefungwa, na kuanzia saa nne usiku hutakiwi kupiga kelele hadi saa kumi na mbili asubuhi. Binti yangu ananiambia mama usitwange leo. Nikamwambia basi nirudishe kwetu Tanga.

Mwl. Chaki:
Naomba kuuliza jambo ambalo naona mnalizunguka. Ubaguzi je? Huyu MeruLeipzig yuko upande wa mashariki. Mwaka 2024 AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, kiliongoza uchaguzi wa jimbo la Thuringia kwa karibu theluthi ya kura, na hapo Saxony, jimbo lenye Leipzig, kikawa cha pili kwa kishindo. Dada wa watu anampeleka mtoto wapi?

MeruLeipzig:
Mwalimu, swali la haki. Upo. Leipzig mjini ni afadhali kuliko vijiji vya jirani, na mimi nisingemshauri mtu mgeni aanze maisha kwenye mji mdogo wa mashariki kwa sababu tu kodi ya nyumba ni rahisi. Wodini kuna mgonjwa atasema hataki kuguswa na wewe. Msimamizi wangu alimjibu mmoja kwamba basi asubiri zamu ijayo. Wengine hawana msimamizi wa namna hiyo, wanavumilia. Ila nitasema ukweli wangu: mara nyingi zaidi linaloumiza si tusi, ni kutotazamwa. Unaishi ghorofa moja na jirani, mnasalimiana ngazini kwa kichwa, siku ukitaka kumtembelea unapanga tarehe. Ukipita kwa mtu bila taarifa kama tunavyofanya kwetu, anadhani kuna moto.

Lakini rafiki ukimpata amepatikana. Akikwambia Jumamosi saa tisa, ni saa tisa. Mimi nimefiwa na baba nikiwa huku. Watu wa wodini walibadilishana zamu zao bila kuombwa ili nipate siku za kwenda kuzika. Hawakuja kukaa matanga, hawajui matanga ni nini. Walinipa siku zao.

NesiWaZiwa:
Asanteni sana wote, Bibi Tausi shikamoo. Hilo la wakala limenishtua, nashukuru sijatoa hela. Mtoto je? Nikienda kwa njia ya kutambuliwa cheti, naweza kwenda naye mwanzoni?

RudiMoshi:
Mwanzoni usijaribu. Ukiwa msaidizi wa muuguzi mshahara ni mdogo, zamu zinazunguka, mtihani uko mbele yako, na nafasi ya chekechea ni ya kusubiri foleni miji mingi. Tangulia, cheti kitambuliwe, upate mkataba wa muuguzi kamili na nyumba ya kutosha, ndipo uombe waje. Kipato wanakiangalia. Shule za serikali hazina ada, na mtoto wa umri huo Kijerumani atakipita chako kabla hujamaliza msimu. Atakusahihisha mbele za watu.

Mengine kaeni wewe na mumeo myaseme mapema. Yeye ni mwalimu mwenye ajira. Kule ualimu wake utakuwa na mlima wake wa kutambuliwa, anaweza kuanzia kazi ya ghala. Mwanaume wa kwetu aliyezoea kuitwa mwalimu mtaani, akibaki nyumbani anamsubiri mke atoke zamu ya usiku, nyumba hutikisika. Nimeziona. Mwanzishe Kijerumani leo.

Mwl. Chaki:
Naunga mkono, na naongea kama mwalimu. Dada, usiache kazi kwa kupotea. Omba likizo bila malipo kwa maandishi, kupitia kwa mwajiri wako, usubiri jibu. Ukiondoka kimya unaandikwa mtoro na mlango unafungwa. Na mkopo wa benki utaendelea kukudai hata ukiwa Berlin, panga marejesho kabla.

NesiWaZiwa:
Nimewaelewa. Mpango wangu sasa: B2 kwanza, barua ya baraza la wauguzi, vyeti vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, niandikie hospitali mwenyewe. Mume kasoma uzi huu wote, amenyamaza tangu hapo kwenye kazi ya ghala. Jumamosi tunakaa tuzungumze.

Kipanga Mweusi:
Mimi sina diploma, nina cheti cha kidato cha sita tu. Hiyo Ausbildung mwisho miaka mingapi?

MeruLeipzig:
Ukiwa na mkataba wa chuo na mwajiri mkononi, hakuna umri wa mwisho. Ukitaka viza ya kwenda kutafuta nafasi ukiwa kule kule, usiwe umefika 35. Kijerumani umefika wapi?

Kipanga Mweusi:
Guten Morgen.