Insha ya mjadala: kila mara naambiwa "hoja haijakomaa". Nifanyeje?

Nyota_wa_Kondele
Hamjambo wadau. Niko kidato cha tatu hapa Kisumu. Insha za mjadala hunipa 9 au 10 kati ya 20, na mwalimu huandika pembeni "hoja haijakomaa". Swali la juzi: "Ufugaji wa samaki kwa vizimba ziwani una madhara mengi kuliko manufaa. Jadili." Aya yangu moja ni hii:

"Vizimba vinachafua ziwa. Uchafu ni mbaya kwa samaki na binadamu. Serikali inafaa kuchukua hatua za haraka."

Naomba mnionyeshe hasa inakosa nini.

Mwl_Kakamega
Una dai, huna maelezo. Umesema vizimba vinachafua, ukaongeza kwamba uchafu ni mbaya, jambo lisilopingwa na yeyote, kisha ukarukia serikali. Msomaji bado anauliza: vinachafuaje? Mjibu ndani ya aya hiyo hiyo:

"Vizimba huchafua ziwa kwa sababu mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki huzama na kuoza, na uozo huo hula oksijeni iliyo majini. Katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, ambako kina ni kifupi na maji hayabadiliki upesi, oksijeni hiyo hukawia kurudi. Vizimba vikisongamana, haumii mwenye kizimba peke yake. Huumia pia mvuvi wa mtumbwi ambaye hapati faida yoyote ya vizimba."

Sentensi ya mwisho imerudi kwenye swali: inapima madhara dhidi ya manufaa. Tena hakuna takwimu hapo. Wengi hubuni "asilimia 90 ya wavuvi" wakidhani namba ndiyo ushahidi, na mtahini huwashtukia. Chanzo kikieleweka na mahali pakitajwa, inatosha.

Halafu soma swali vizuri. "Jadili" hutaka pande zote mbili, kisha msimamo. Ukiandika upande mmoja, umeacha nusu ya maudhui.

Kalamu_Nakuru
Niongeze kuhusu upande wa pili, maana ndipo insha nyingi huporomoka. Usimpe mpinzani hoja dhaifu ili umwangushe kwa urahisi. Mpe iliyo nzito kabisa: samaki wa asili ziwani wamepungua, Kenya inaagiza samaki kutoka China, na vizimba vinaweza kuziba pengo hilo. Ikubali waziwazi, kisha onyesha inakoishia: "Ni kweli vizimba huongeza samaki sokoni, hata hivyo, faida hiyo hutegemea mahali vilipowekwa."

Hapo umeshapata msimamo wenye sharti: viruhusiwe penye kina na mkondo, vizuiwe kwenye ghuba zenye maji yaliyotulia. Kumalizia na "vizimba vina faida na hasara" si msimamo hata kidogo.

Mama_Chavakali
Mwanangu, angalia pia saa. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ni saa 1 na dakika 45 kwa insha mbili, kila moja isipungue maneno 400. Tenga dakika 50 kwa insha: 8 za kupanga hoja, 35 za kuandika, 7 za kusahihisha. Ukiandika maneno 9 kwa mstari, 400 ni mistari kama 45. Utangulizi wa maneno 40 unatosha. Methali tatu mfululizo hula nafasi ya hoja nzima.

Na kwenye insha usiandike "kuna watu husema". Andika "kuna watu wanaosema".

Nyota_wa_Kondele
Asante Mwalimu, asanteni nyote. Nimejaribu: "Ni kweli kwamba vizimba huwapa vijana kazi. Hata hivyo, vijana wengi siku hizi hutumia dawa za kulevya." Je, hapo?

Mwl_Kakamega
"Hata hivyo" yako imehama mada. Mpinzani ametaja kazi, mjibu kwa kazi. Kizimba hudai fedha za fremu, nyavu, vifaranga na chakula cha miezi kadhaa kabla ya mavuno. Kwa hiyo mwenye mtaji ndiye anayemiliki, na kijana huishia kulinda na kulisha kwa ujira mdogo. Swali lako sasa: kazi hiyo inalipa fidia ya samaki anaowakosa mvuvi? Andika upya kuanzia hapo, maneno kama 70, uiweke hapa tuisome.