Kibegi cha dharura Mlima Meru: nini ubebe mwenyewe, nini umpe mpagazi?

Binti_wa_Sakina:
Habari zenu wadau. Mwezi wa nane sie wa ofisini tunapanda Meru siku nne, tunaingilia geti la Momella. Kiongozi wetu kashasema boksi la huduma ya kwanza analo yeye na wapagazi wapo, sasa najiuliza kuna haja gani na mimi nibebe vya dharura? Rafiki yangu kanirushia listi ya mtandaoni ndeefu, mpaka ndoano ya kuvulia samaki imo, nikacheka ila nikaogopa pia. Bajeti ndogo, mitumbani nitazunguka. Mnaopandaga nisaidieni.

Mgumu_wa_Marangu:
Dada ndoano achana nayo, samaki utavulia wapi. Ila kibegi beba, tena ukibebe mwenyewe mgongoni. Sisi wapagazi hatutembei na nyie, mkishakunywa chai tunafunga vyombo tunawapita kona ya kwanza tu, ukifika Miriakamba, kambi ya kwanza, unakuta begi lako limeshatua kitambo. Mvua ikikukuta katikati ya msitu na koti liko kwenye begi kubwa ndo basi tena, utalowa mpaka kambini. Halafu usiku wa kwenda kileleni mnatoka kambi ya Saddle mita 3,570 mnatafuta 4,566, huko wapagazi hawaji na nyie, kila mtu na alichojibebea.

Mimi nisingekosa tochi ya kichwani na betri nyingine, koti la mvua, glovu, kofia ya baridi, sweta moja kavu na soksi ndani ya mfuko usioingiza maji, filimbi, kiberiti cha gesi, karanga au kashata. Na chupa ya maji ya usiku ule ivalishe soksi nzito halafu ipindue mdomo chini, maji yanaanza kuganda juu, kwa hiyo ukiigeuza kunywa mdomo haujaziba. Simu ilale ndani ya koti karibu na mwili maana baridi inamaliza chaji, we unaona asilimia arobaini mara imezima.

Nesi_Njoro:
Naongezea kwenye dawa. Za kwako binafsi zisikae kwa mtu mwingine, kama una pumu ile pampu iwe mfukoni kabisa. Plasta, bandeji ya kuvuta, dawa ya maumivu, ORS pakiti mbili tatu. Kisigino kikianza tu kuwaka moto simama ubandike plasta hapohapo, usisubiri lengelenge lije, wengi wanaona aibu kusimamisha kundi. Andika kikaratasi: jina, dawa unazotumia, aleji, namba ya ndugu.

Diamox, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, kamwone daktari kabla hujaondoka na umwambie kama una aleji ya salfa. Ila dawa isije ikakufanya ufiche hali yako. Kichwa kinagonga, unatapika, ukiambiwa tembea kisigino kwa kidole kwenye mstari unayumba, hapo ni kushuka muda huohuo hata kama ni usiku, sio kusubiri kupambazuke.

Jobless_Ngarenaro:
Mmesahau Konyagi ndogo ya kupasha mwili 😂

Nesi_Njoro:
@Jobless_Ngarenaro wee! Pombe inafungua mishipa ya damu kwenye ngozi, unajisikia moto kumbe joto la ndani ndo linatoka. Kanywe ukishashuka.

Binti_wa_Sakina:
Asanteni sana jamani, @Mgumu_wa_Marangu hiyo ya chupa sikuwahi kuisikia. Sasa filimbi ya nini na askari mwenye bunduki tunaye muda wote?

Mgumu_wa_Marangu:
Askari yupo kwa ajili ya nyati na tembo, na ukungu ukishuka hakuoni hata ukiwa hatua chache tu. Kelele ya mdomo inaisha haraka ukichoka. Ukipotezana na wenzio kaa ulipo, piga mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika, rudia. Nunua ya plastiki duka la vifaa vya michezo, ya chuma kwenye baridi inakung'ata midomo. Na ifunge kwenye mkanda wa begi kifuani, sio chini ya begi.

Binti_wa_Sakina:
Sawa kaka. Na koti je, nikodi au ninunue?

Mgumu_wa_Marangu:
Ukishuka Moshi pitia soko la Memorial, mitumba mizuri ipo, mwagia maji begani kabla hujalipa uone kama linanyonya. Vingine kodi tu, isipokuwa viatu. Viatu nunua mapema uvivalie kazini mpaka vikuzoee.