Risasi ipi: .308 au 6.5 Creedmoor?

Wakuu, fundi ananiundia bunduki ya kuwindia, na kabla hajaagiza mtutu anataka jibu: .308 Winchester au 6.5 Creedmoor? Nawinda swala na nguruwe pori, sipigi zaidi ya mita 250. Bega langu la kulia liliwahi kuteguka, teke la bunduki inapofyatuka naliogopa.

Jibu: Kwa bega hilo chukua 6.5. Teke lake ni jepesi. Ukiogopa teke utafumba macho unapovuta triga, na mnyama atakimbia na jeraha. Hilo huniuma kuliko lolote.

Jibu: .308 ipo tangu 1952, na mtutu wake hudumu zaidi. Zote mbili zinatumia bolti ileile (kile chuma kinachofunga risasi nyuma ya mtutu), kwa hiyo ukijuta, fundi atabadili mtutu tu.

Muulizaji: Basi 6.5. Kesho namwambia fundi.